Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Lowell

Laurel Lick,
Kentucky.
11 Juni, 2018.

Mpendwa Shangazi Verda,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ile nyonga uliyofanyiwa upasuaji inakubeba sasa bila fimbo. Twyla wako aliniambia kwa simu kwamba umeanza tena kupanda ngazi za nyumba yako mwenyewe, na kwamba mtu akikushika mkono unamfokea. Nilifurahi kusikia hivyo. Nikajua unapona.

Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila amekonda, na akiulizwa anasema ni joto. Habari za Baba nitakuandikia huko mbele. Ndiye aliyenifanya nishike kalamu, na kama ningeanza naye ningesahau hata kukusalimu.

Maharage tumepanda kwa kuchelewa mwaka huu kwa sababu kijito kilikataa kurudi mahali pake hadi katikati ya Mei. Mafuriko yalibeba daraja la miguu la akina Oleta, jirani anayepiga nasi. Siku hizi anavuka kwa kukanyaga mawe, mandolini yake ameiinua juu ya kichwa kama mtoto. Mgodi wa mwisho huku juu umefungwa, lango limewekwa mnyororo. Wanaume bado wanaamka saa zile zile walizozoea, wanavaa viatu vizito, wanakaa ndani ya malori yao wakiwa wameyaegesha, wanakunywa kahawa wakitazama kilima. Hakuna anayewauliza wanangoja nini.

Sasa Shangazi, nakuomba usiikunje barua hii ukifika hapa. Najua hujakanyaga Laurel Lick tangu tulipomzika Lowell. Na najua ulichomwambia Baba pale kaburini, maana nilikuwa nimesimama katikati yenu. Ulimwambia, "Ulimfungia mlango, Arvil. Mtoto wako mwenyewe." Watu wote walisikia. Yeye alivaa kofia yake, akashuka kilima peke yake, na tangu siku hiyo hamjasemezana.

Watu wanadhani alinyamaza kwa hasira. Mimi ndiye ninayeishi naye. Siku ya Kupamba Makaburi, mwaka huu, alikujibu mbele ya watu wale wale, nawe hukuwepo. Nimeona si haki jibu lake kwako libaki huku mlimani bila kukufikia.

Unakumbuka jinsi siku ile inavyokwenda. Tunafyeka majani, tunaweka maua mapya, kisha tunapita kaburi kwa kaburi na ala zetu, na kila aliyelala anaimbiwa wimbo wake. Babu ana ule wa gari moshi, Bibi ana ule wa mto. Hata yule mtoto wa Mama aliyeishi wiki moja tu ana wake, ambao Mama alimchagulia. Lowell hakuwa na wimbo. Kila mwaka tukifika kwake tulimwimbia ule wa kanisani ambao tunawaimbia watu tusiowajua vizuri, na kila mwaka nilisikia aibu kana kwamba tumemletea mgeni maji kwenye kikombe cha mtu mwingine.

Si kwamba hakuwa na wimbo alioupenda. Unajua alikuwa nao. Ni ule wa bendi ya kaskazini, ile ya magitaa ya umeme yenye kishindo, wimbo wa taa ya barazani. Aliupiga katika chumba chake cha juu tangu akiwa na miaka kumi na minne, na Baba akawa anagonga dari la jikoni kwa mpini wa ufagio ili apunguze sauti. Lowell naye alikuwa anagonga sakafu kumjibu. Ndivyo walivyozungumza wale wawili kwa muda mrefu, nami nilikuwa napika au nasoma katikati ya kugonga huko, nikicheka. Sikujua kwamba hayo ndiyo mazungumzo yao mazuri kuliko yote yatakayokuja.

Mwezi wa Machi niliamua kuuleta wimbo huo kwetu, yaani kuutoa kwenye umeme na kuuweka kwenye mbao na nyuzi. Nilimwambia Mjomba Estill akiwa anaegemea besi yake jikoni, kama kawaida yake, akitafuna mkate wa mahindi.

"Ule wenye pikipiki ndani?" akaniuliza.

"Hauna pikipiki, Mjomba. Ni gitaa."

"Basi gitaa lina ugonjwa. Na unataka kuupiga juu ya kaburi la bibi yako? Rhetta, bibi yako alimfukuza mhubiri kwa sababu alileta kinanda. Huyo atatoka humo ndani na kiatu mkononi."

Lakini aliweka mkate chini, akachukua besi. Mjomba ni mtu wa namna hiyo: anakataa kwa mdomo, mikono yake imeshaanza.

Nisikuchoshe na mambo ya kazi, ingawa najua wewe ungependa kuyasikia, maana Baba huwa anasema sikio lako lilikuwa bora kuliko lake. Mwanzoni tulishindwa vibaya. Wimbo ule ni mzito na wa polepole, ngoma yake inapiga kama mashine ya kuponda mawe. Nilipoweka banjo juu ya mwendo huo, ilikuwa kama kuku anatembea kwenye tope. Tukauharakisha, kama tunavyoharakisha kila kitu cha huzuni huku kwetu, na huzuni yote ikakimbia, ikabaki mbio tu. Nilitaka kuacha. Oleta ndiye aliyeuokoa. Alisema tuupige kwa hesabu ya tatu, kama wimbo wa dansi wa wazee wawili, akaanza kuchapa nyuzi za mandolini yake kwa mchapo ule mkavu unaofanya kazi ya ngoma. Mjomba akaingia chini yake. Fidla yangu nikaipa ile sauti ndefu ya gitaa la umeme, ile inayolia na kupinda, na kwa mara ya kwanza nikamsikia kaka yangu chumbani juu.

Nilikaa sakafuni, nikalia kidogo. Oleta alijifanya anakaza uzi.

Baba hakuwa akipiga nasi. Unajua mapafu yake. Makaa aliyoyachimba yamebaki ndani yake, na sasa anavuta hewa kwa mpira unaotoka kwenye mashine. Mashine hiyo inapumua kwa sauti nyumba nzima, usiku na mchana, mpaka sisi wote tumeanza kutembea kwa mwendo wake. Alikuwa hajaimba tangu kiangazi kilichopita. Banjo yake ilikuwa imening'inia ukutani, nasi tukafanya mazoezi jikoni huku yeye yuko chumba cha mbele, mlango wazi, akitazama mpira wa kikapu kwenye televisheni asioisikia. Mimi nilidhani hasikilizi. Alisema zamani, na wewe ulikuwepo, kwamba muziki wa Lowell ni kelele tu na kwamba hajawahi kusikia neno hata moja ndani yake.

Wiki moja kabla ya Siku ya Kupamba tulikuwa tumeumaliza. Tulipoacha kupiga, tukasikia ile mashine imesogea. Alikuwa amesimama mlangoni, mpira wake wa hewa umenyooka hadi mwisho.

"Mmeupiga vizuri," akasema.

Hajawahi kusema hivyo juu ya kitu chochote, hata juu ya kitu kizuri.

"Lakini umeacha ubeti."

Ndiyo, niliuacha. Wimbo una beti nne, nami niliutoa wa tatu kwa makusudi, nikaushona wa pili na wa nne pamoja hata usingeweza kuona mshono. Mtu ambaye hajui wimbo asingetambua.

"Ulikuwa mrefu, Baba," nikasema. "Wewe mwenyewe umenifundisha kukata. Umesema wimbo usikae mpaka watu waanze kutafuta kofia zao."

"Nilikufundisha kukata mafuta. Huo ni mfupa."

Kisha akausema. Hakuimba. Aliusema ubeti wote akiwa ameshika mlango, akipumzika baada ya kila mstari, naye ni mtu aliyetuambia hajawahi kusikia neno hata moja:

"Nimesimama nje, na mvua haina haraka.
Umezima taa ya barazani, nami naijua njia.
Sikuombi chakula, Baba, sikuombi kitanda.
Gonga tu ukutani, nijue uko macho."

Mjomba Estill alitazama miguu yake. Oleta akaweka mandolini mezani taratibu sana, kama ambavyo ungeweka yai.

Nadhani unajua kwa nini niliukata, ila sidhani unajua yote. Nitakuandikia kama alivyoniambia jioni ile ile, baada ya wenzangu kuondoka, maana hajamwambia mtu mwingine ila Mama.

Jioni ile ya Februari, ya mwisho ya uhai wake, Lowell alikuja akagonga. Mama alikuwa kwa dada yake. Unajua kilichokuwa kimetangulia: vidonge vya mgongo vya Baba vimekwisha kabla ya wakati, mandolini ya Babu imeuzwa, kisha ile mashine ya kukatia nyasi, kisha pete ya Mama. Kila mtu alikuwa amemwambia Baba asifungue. Mhubiri alimwambia. Yule mwanamke wa kikao cha wazazi wa watoto walionaswa na vidonge, kule mjini, alimwambia kwamba mlango ukiwa umefungwa ndiyo upendo. Baba ni mtu wa kutii akiambiwa na watu wengi. Alizima taa ya barazani, akakaa kwenye kiti chake nyuma ya mlango, koti amevaa. Lowell alisema, "Baba, sitaki kuingia. Nataka tu kujua uko hapo." Baba hakusema kitu. Lowell akagonga ukutani, kule kugonga kwao kwa zamani kwa dari na sakafu. Akangoja. Akagonga tena.

"Niliinua mkono," Baba aliniambia. "Nikasema moyoni, nikigonga ataendelea kukaa, na akikaa nitafungua. Nikauteremsha."

Asubuhi ndipo jirani yetu Hobert alipomkuta amekufa ndani ya lori, pale chini kwenye njia panda. Hayo unayajua.

Sijakuandikia haya ili umwonee huruma. Mimi mwenyewe kuna siku simwonei. Kuna siku namkatia nyama yake vipande vidogo, nasikia ndani yangu kitu kigumu kama jiwe la kijito, na siwezi kukuambia kimeelekezwa kwake au kwa yule mwanamke wa kikao au kwa kaka yangu ambaye angeweza kwenda kugonga kwa mtu mwingine. Nimesoma vitabu vingi juu ya maradhi haya. Naweza kukueleza jinsi vidonge vilivyoingia milimani, nani alitajirika, nani alizikwa. Hakuna kitabu kinachoniambia ingekuwaje kama mkono ule ungegonga.

Kesho yake alirudi tena jikoni tukiwa tunafanya mazoezi, safari hii ameibeba banjo.

"Nani anaimba ubeti huo?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Si wako."

Akaketi. Akauliza tunaupiga katika kimo gani cha sauti. Nikamwambia B. Jibu lilikuwa moja tu, wewe unajua. Sisi akina Slone tunaimba B. Ndivyo tulivyotangazwa kwenye kila jukwaa tangu Babu, sauti ya juu inayokatika mlimani, na wanaume wa huku wangekubali kung'olewa meno kabla ya kushusha wimbo. Nilimwona mzee Clovis alipofika miaka themanini akiimba B yake huku damu imemjaa usoni, watu wakampigia makofi kwa sababu hakushuka, na mwezi uliofuata tukamzika.

Baba alikaza nyuzi.

"Shusheni," akasema.

Mjomba alidhani hakusikia. "Kushusha nini?"

"Wimbo, Estill. Umekuwa kiziwi pamoja na ujinga?"

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nitakapofika."

Tukajaribu A, hatua moja chini. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu, kisha kikohozi kilichochukua muda mrefu. Mama alikuja na beseni akasimama nyuma yake. Tukashuka hadi G. Huko chini alipata sauti. Si ile unayoikumbuka, Shangazi. Ni kama sauti ya mtu anayesogeza kabati katika chumba kingine. Lakini maneno yalisikika.

"Hapo," akasema.

Siku yenyewe kulikuwa na jua kali lisilo na upepo. Tulimpandisha Baba kilimani kwa kile kigari cha magurudumu manne cha Hobert, chupa ya hewa imefungwa kando yake kama abiria. Watu walikuwa wengi. Akina mama walikuwa wametandaza vyakula kwenye meza za mbao chini ya miti ya msonobari: kuku na matonge ya unga, maharage, keki ya tofaa kavu ya matabaka ambayo wewe ulimfundisha Mama. Baadhi ya waliokuwepo ndio waliokusikia siku ile ya maziko. Waliona banjo kwenye mapaja ya Baba, wakaanza kunong'onezana.

Tulipita kwa Babu, tukapita kwa Bibi. Baba hakuimba, alipiga tu, kidogo. Tukafika kwa Lowell. Tulisimama kwenye nusu duara yetu kama tunavyosimama mbele ya kipaza sauti kimoja, ingawa kule juu hakuna kipaza sauti, na nikaona Baba anamwashiria Oleta asogee. Oleta alikuwa amesimama kushoto kwake. Alisogea. Baba akaacha nafasi pale kushoto, upana wa mtu mmoja. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Anaiacha kila tunapopiga, tangu ulipoondoka kwenda Michigan, na wapiga mandolini wetu wote wamewahi kuikanyaga wakafukuzwa.

Nikaanza kwa fidla. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Huu si wa kanisani," na mwingine akamwambia anyamaze. Niliimba ubeti wa kwanza na wa pili. Oleta na Hobert wakaitikia nami kiitikio. Kisha nikarudi nyuma hatua moja, na Baba akausogeza mpira wake kando ya mdomo.

Aliimba mstari wa kwanza, akaishiwa. Huku kwetu muziki hausimami, unajua. Mtu akikosea anaruka, wimbo unaendelea bila yeye. Lakini Oleta hakuendelea mbele. Alizungusha mdundo palepale, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na Mjomba akazunguka naye, kama gari linalomngoja mtu anayepanda kilima kwa miguu. Baba akavuta hewa. Akaimba mstari wa pili. Tukazunguka tena. Kuna kijana alikuwa anapiga picha kwa simu, nikaona ameishusha na kuiweka mfukoni. Mstari wa tatu ulikuwa mbaya, ulitoka nusu. Mama alikuwa ameshika jiwe la kaburi la Lowell kwa mkono mmoja, kama mtu anavyoshika bega.

Mstari wa nne hakuuimba. Alijaribu. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Tulizunguka, tukazunguka. Kisha akakunja ngumi akagonga ngozi ya banjo kwa vifundo vya vidole. Akangoja. Akagonga tena.

Wote waliokuwepo wameishi huku. Mstari wa kugonga hawakuusikia, lakini walikuwa wamesikia mtoto amesimama nje akimwita Baba, na kila mmoja anajua mlango ulifungwa jioni ile ya Februari. Hakuna aliyetazama mwenzake. Mzee mmoja alivua kofia.

Mimi nilitakiwa kuanzisha kiitikio, nikashindwa. Mjomba Estill ndiye aliyeanza, yeye ambaye hatumruhusu kuimba hata kwenye sherehe za kuzaliwa, kwa sauti yake ya fahali aliyekwama. Tukamfuata. Hakuna aliyecheka.

Nikuambie kitu, Shangazi, ambacho sijaweza kumwambia mtu huku. Katika wimbo wenyewe, ule wa bendi ya kaskazini, mlango haufunguki. Unaisha kwa kishindo kimoja cha gitaa, kisha kimya, nawe unabaki nje. Sisi tuliumaliza kwa sauti tatu zilizopatana, na sauti tatu zikipatana, hata msiba unasikika kama umeshakubaliwa. Nimekaa nikifikiri kama nimemwibia kaka yangu wimbo wake nikampa uongo mzuri. Usiku mwingine nadhani ndiyo. Watu walinijia baada ya hapo na kunishika mkono, wakasema ni wimbo mzuri, wakaniuliza kama ni wa zamani. Niliwaambia ni wa Lowell. Sikujua niseme nini kingine.

Tangu siku hiyo Baba hajainuka vizuri. Daktari alikuja nyumbani, akasikiliza kifua upande mmoja na mwingine, kisha akamwita Mama barazani. Hakusema mwaka, wala miezi. Tumehamishia kitanda chumba cha mbele, karibu na mlango, kwa sababu ndipo alipotaka. Hawezi kuzungumza na ile barakoa ya hewa, kwa hiyo tukipita anagonga ubao wa kitanda kutujulisha kwamba yuko macho. Tunagonga kumjibu. Mama anagonga akiwa jikoni. Mjomba anagonga kwa nguvu mno, na Baba anamtolea macho.

Jumamosi aliivuta barakoa kando akaniambia nikuandikie. Nilimuuliza niandike nini. Alifikiri mpaka nikadhani amelala.

"Mwambie Verda wimbo uko G," akasema. "Ataufikia."

Ni hayo tu aliyoyasema. Nilielewa, nadhani na wewe utaelewa. Twyla aliwahi kuniambia kwamba uliacha kuimba hata kanisani kwa sababu sauti ya juu imekuondoka, na kwamba hutaki watu wa huku wakusikie ukiwa hivyo. Yeye ameushusha wimbo mbele ya watu wote, Shangazi. Hakuna aliyebaki huku wa kukudai B.

Sikuombi uyarudishe maneno yako ya kaburini. Yalikuwa kweli, naye mwenyewe ameyakubali mbele ya watu wale wale, kwa njia aliyoiweza. Nakuomba uje tu. Usingoje nyonga ipone kabisa, Hobert atakuja kukuchukua kituo cha basi. Tutamwimbia Lowell wimbo huu tena, na safari ijayo Baba hatakuwa kwenye nusu duara. Patakuwa na nafasi mbili, nami siwezi kuzisimamia zote.

Mama anakusalimu na anasema chumba cha juu kimefagiliwa, shuka ziko juani. Mjomba Estill anakusalimu. Anasema ulete maneno yako makali, maana ya kwake yamekwisha. Oleta anakusalimu, anasema anajua nafasi ile si yake. Wasalimie Twyla na watoto, na umwambie yule mdogo kwamba fidla ya robo niliyomwahidi ipo, inamngoja. Mungu akulinde barabarani, akupe pumzi ya kutosha kwa safari, na azizuie siku hizi chache zisipite haraka.

Taa ya barazani tunaiwasha jua likianza kuzama, na mlango haufungwi siku hizi. Hata hivyo, ukifika, gonga ukutani kabla ya kuingia. Yuko macho.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Rhetta Slone